Kompyuta ya Linux ikikosa sauti, kadi si lazima iwe imeungua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaotumia Linux hapa Unguja na Pemba, khasa skuli na vijana wenye laptopu za mtumba. Sauti ikipotea na mahali pa kuchagua spika pakabaki maneno "Dummy Output" peke yake, wengi huambiwa kadi ya sauti imeungua na huuziwa kadi ya USB. Maneno hayo hayana maana hiyo. Programu inayogawa sauti, PipeWire, au PulseAudio kwa mifumo ya zamani, imekosa kadi ya kutumia, ikaweka kifaa cha uongo ili programu zisikwame.

La kujua kwanza ni nani asiyeiona kadi. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike aplay -l. Kadi ikitajwa, kerneli, yaani kiini cha Linux, inaiona. Andika systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber. Usitie sudo, neno la kuomba mamlaka ya msimamizi, kwa sababu huduma hizi ni za mtumiaji, si za mfumo mzima. Isiposaidia, fungua pavucontrol, programu ya kupanga sauti, ukurasa wa mwisho, uone kama kadi haikuwekwa "Off". Jihadhari pia na orodha yenye HDMI peke yake: hiyo ni sauti ya kwenda kwenye televisheni, spika za ndani bado hazijapatikana.

Ukijibiwa "no soundcards found", andika lspci -k utafute mstari wenye neno Audio. Usipokuwepo, ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla Linux haijawaka, utizame kama sauti imezimwa. Ukiwepo, soma majibu ya sudo dmesg | grep -i sof. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni, khasa zenye maikrofoni za kidijitali, zinataka faili za SOF (Sound Open Firmware, programu ya ndani ya kadi), na zisipopatikana kadi haiamki. Kwa Debian na Ubuntu ni sudo apt install firmware-sof-signed, kisha uzime kompyuta kabisa ndipo uwashe. Kwenye Debian 12, ya mwaka 2023, kifurushi hiki kimo katika fungu la non-free-firmware. Aliyeliondoa kwenye sources.list, orodha ya mahali pa kupakulia vifurushi, ataambiwa hakipo.

Wapo wanaokimbilia kuandika options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1 ndani ya /etc/modprobe.d. Inalazimisha draiva (programu ya kuendesha kadi) ya zamani, na spika huweza kurudi, lakini maikrofoni ya ndani mara nyingi hupotea. Mimi huiweka mwisho.

Kuna na la kwetu watu wa pwani. Kadi inaonekana, hakuna kosa lolote, sauti hakuna. Matundu mengi ya hedifoni yana swichi ndogo ndani. Hewa ya chumvi ikiitia kutu, kompyuta hudhani hedifoni zimechomekwa, ikazinyamazisha spika. Kwenye terminali fungua alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi. Penye MM pamenyamazishwa: bonyeza M. Auto-Mute Mode, ikiwepo, iweke Disabled, kisha sudo alsactl store ili mpangilio ubaki. Hiyo ni nafuu ya muda. Tundu lisafishwe kwa spiriti ya isopropili, kompyuta ikiwa imezimwa na betri imetolewa, na likauke kabla ya kuwashwa.

Na mafundi wenzangu, washeni kwanza mashine ya mteja kwa flashi yenye Linux mpya. Sauti ikitoka hapo, msimuuzie kadi.

Fundi kompyuta,
Chake Chake, Pemba