Mwanangu, hema lako likae juu ya mwani

Mwanangu mpenzi,

Jana uliponiambia unakwenda peke yako, siku sita ufuoni na baiskeli na hema, nilinyamaza. Usidhani nilikasirika. Nilikumbuka usiku mmoja wa ujana wangu.

Nilikuwa nimefika jioni, hoi, maji yamekupwa mbali kabisa. Nikapiga hema palepale kwenye mchanga mgumu, tambarare kama sakafu. Mwezi ulikuwa mpevu, wala sikuuwazia. Usiku wa manane niliamshwa na baridi miguuni. Maji yalikuwa ndani ya hema, na baiskeli niliyoilaza nje ilikuwa inaburutwa na mawimbi. Niliidaka gurudumu la nyuma, nikavutana na bahari gizani, na hapakuwa na mtu wa kumwita. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huwa bamvua: hukupwa mbali, kisha hujaa kupita siku zote.

Kwa hiyo ukifika, kabla hujafungua mzigo, tafuta mstari wa mwani na vijiti vilivyoachwa na maji. Lala juu yake, tena juu sana, ila usikanyage majani yanayoshikilia vilima vya mchanga. Vigingi vifupi havishiki pale. Jaza mfuko mchanga, ufunge kamba ya hema, uuzike kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Mchanga mkavu utameza gurudumu, ushinde ukisukuma baiskeli. Unaobeba ni ule uliolowa, ambao maji yameuacha punde, maana unyevu ndio unaoshikanisha chembe zake. Ondoka maji yanapokupwa, uwe na saa kadhaa mbele yako. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, na hujaa mara mbili, hivyo kila siku utachelewa kuondoka kwa dakika 50 hivi. Usishindane na maji. Punguza upepo wa tairi mpaka ubavu utune kidogo ukiikalia, na ukipanda lami uujaze tena. Mto unapoingia baharini, subiri maji yakupwe kabisa, uvuke kwanza kwa miguu bila mzigo.

Cheni ifute kila jioni kwa kitambaa, tone la mafuta, kisha ufute tena. Mafuta yakizidi yanakamata mchanga.

Usiku wa kwanza utasikia kila kitu, hata kaa akikwaruza turubai. Utaogopa. Mimi niliogopa. Lakini alfajiri ile nilipoondoka, nguo zikiwa bado zimelowa, niliona nyuma yangu alama za tairi langu peke yake ufuo mzima, na nilifurahi kuliko nilivyoweza kumweleza mtu yeyote nyumbani.

Kila jioni niandikie mstari mmoja tu: uko wapi, na mwani uko umbali gani chini ya hema.

Pampu yangu ya zamani nimeikaza kwenye fremu yako usiku huu. Nimeijaribu, bado inasukuma.

Mama yako