Sindano ya Taya: Mbona Uso Haujapungua?

"Dokta, wiki ya pili sasa, uso uko vilevile. Dawa yenu imechakachuliwa." Hapa kliniki tunachoma sindano ya taya, yaani dawa kama Botox inayolegeza msuli wa kutafuna ili uso upungue upana, na ujumbe wa namna hii tunaupata mara kwa mara, ila wa Jumatatu ulituuma, maana dada aliyeuandika alishawaambia wenzake kazini kwamba katapeliwa.

Tukamwita, bila malipo, tukamwambia abane meno. Msuli wa kutafuna, ule unaojaa chini ya kidole mtu akiuma, ulishalegea. Mwenyewe akakiri kuwa siku hizi haamki na kichwa kinachouma kwa kubana meno usingizini. Basi dawa imefanya kazi! Inazuia neva kuuamrisha msuli ukaze, na hilo utalisikia ndani ya wiki mbili. Uso kupungua ni habari nyingine. Msuli lazima ukae bila kazi ngumu ndipo usinyae, kama mguu uliofunguliwa hogo, na hiyo huchukua wiki sita hadi miezi mitatu. Tena hupungua kwa yule ambaye upana wa uso wake ni msuli. Ukiwa ni mfupa au mafuta, tunakwambia urudi nyumbani na pesa yako.

Bibi harusi mmoja alitujia siku kumi kabla ya ndoa. Tulikataa. Akaenda kuchomwa saluni, kwa bei nafuu, na bomba la sindano lililotolewa kwenye mkoba likiwa limeshajazwa. Siku ya harusi tabasamu lilipanda upande mmoja tu. Sindano ilikaa mbele mno, dawa ikaufikia msuli wa kutabasamu. Hakuna dawa ya kuirudisha nyuma. Ni kusubiri iishe yenyewe. Alitulilia, nasi hatukuwa na la kumfanyia.

Ndiyo maana bei yetu haishuki. Dawa huja ikiwa unga ndani ya kichupa, hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, na tunaichanganya na maji ya chumvi mbele yako. Anayetaka faida huongeza maji, kichupa kimoja kikahudumia nyuso nyingi. Usiulize "sindano ngapi", uliza uniti ngapi, yaani kipimo cha nguvu ya dawa, na za dawa gani, kwa sababu uniti za Botox si sawa na za Dysport, dawa nyingine ya aina hiyo. Kwa Botox, mara nyingi ni 20 hadi 30 kila upande. Mjamzito na anayenyonyesha hatumchomi, hata akilipa mara mbili.

Kwa wanaosaga meno: sindano inapunguza nguvu ya kusaga, haiondoi tabia yenyewe. Mzee mmoja, dereva wa lori, alikitupa kile kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno usiku kwa kuwa "nimeshachomwa". Mwezi wa tano nguvu ya dawa ikaisha, gego likapasuka, na kulitengeneza kukamgharimu zaidi kuliko sindano na kifaa vyote viwili.

Yule dada wa Jumatatu tumempiga picha, mbele na pembeni. Anarudi wiki ya nane tuzilinganishe, na kuonana huko kumo ndani ya bei aliyokwisha kulipa.