Mlio wa usiku uchunguzwe kabla ya kumtaja jirani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linaloumiza watu katika mitaa yetu, nalo ni haraka tuliyo nayo ya kumtafuta mchawi kila nyumba inapotoa mlio usioeleweka usiku. Mimi ni fundi wa mapaa hapa Muheza, na kazi hii imeniingiza kwenye dari nyingi, zikiwamo za nyumba ambazo wapangaji walikwisha kuzihama wakiamini kwamba zina majini. Hivi karibuni, katika kitongoji kimoja cha huku kwetu, mama mjane wa umri mkubwa aliitwa kikaoni kwa sababu familia ya jirani ilikuwa ikisikia mtu akitembea juu ya bati kila baada ya magharibi. Hakuna aliyemgusa, lakini maneno aliyoambiwa mbele ya wajukuu wake yalimfanya afungashe na kuhamia kwa binti yake. Mimi niliitwa kuliangalia paa hilo akiwa ameshaondoka, wakati nilipaswa kuitwa kabla ya kikao.

Lilikuwa bati la geji 30, jembamba, lililopigiliwa kwenye papi, yaani mbao nyembamba za kushikilia bati, zilizotumika zikiwa mbichi. Mchana wa kiangazi bati la namna hiyo hupata moto kiasi kwamba huwezi kuliwekea mkono, na jua likizama hupoa haraka. Chuma kikipata joto hutanuka na kikipoa hunywea. Bati la mita 3 likipoa kwa nyuzi 40 hupungua takriban milimita moja na nusu. Kwa macho huwezi kuiona tofauti hiyo, lakini msumari umelishika bati, na mbao iliyo chini yake hainywei kwa kiasi kile kile, hivyo nguvu hujikusanya taratibu mpaka bati linapoteleza ghafla chini ya kofia ya msumari na kutoa mlio mkavu, ta! Kisha hufuata bati la pili, kisha la tatu, na kwa kuwa upande wa paa uliokuwa ukipigwa na jua la jioni huchelewa kupoa, milio inaweza kuanzia upande mmoja na kuishia upande wa pili kwa mwendo wa mtu anayepiga hatua. Nilipong'oa misumari michache ya paa lile, niliona raba zake zimekauka na kupasuka, na matundu yamerefuka kwa upande mmoja, kingo zake zikiwa zinang'aa kwa kusuguliwa ilhali sehemu iliyobaki ya bati imeshika kutu. Huyo ndiye aliyekuwa akitembea. Asubuhi, jua linapoanza kuwaka, bati hilo hilo hulia tena, ila saa hizo kuna redio, watoto na bodaboda, na hakuna anayelisikiliza.

Mabomba nayo yana milio yao. Katika miji mingi maji ya mgao hufunguliwa usiku wa manane, na yanapoingia kwenye bomba lililokuwa tupu huisukuma hewa mbele yake, nayo hutokea kwenye koki iliyosahauliwa wazi kwa kukoroma na kupiga miluzi. Boya la simtanki likizeeka hufunga na kufungua maji kwa mtetemo, na kila maji yanapokatika kwa ghafla, bomba ambalo halikufungwa vizuri ukutani hugonga ukuta kwa kishindo. Kulipima jambo hili ni rahisi: funga koki kuu ya mita kabla ya kulala, na usiku huo mlio ukikosekana, muite fundi bomba.

Kuhusu wanyama nitasema zaidi, kwa sababu hao ndio wanaozua hofu kubwa. Panya husubiri taa zizimwe, kisha hukimbia juu ya dari na kutafuna mbao, na jambo la hatari kuliko yote ni kwamba hutafuna pia nyaya za umeme. Popo hutoka magharibi na kurudi alfajiri, na kelele zao huwa nyingi nyakati hizo mbili, wanapobanana chini ya kofia za paa, yaani bati za kufunika kilele chake. Ukikuta vinyesi vidogo vyeusi darini, vibonyeze kwa kijiti: vya popo wanaokula wadudu husagika na kuwa unga wenye vipande vya mabawa ya wadudu, na vya panya havisagiki hivyo. Bundi mwenye uso mweupe, ambaye tunampiga mawe tukidai ameleta msiba, hupenda kuzalia kwenye dari zilizo kimya, na makinda yake hukoroma usiku kucha yakidai chakula. Chini ya kiota chake utakuta madonge ya manyoya na mifupa aliyoyatapika, na mifupa hiyo kwa sehemu kubwa ni ya panya, yaani ndege huyo anakufanyia kazi ambayo ungeinunulia sumu. Komba, anayejulikana pwani nzima kwa kupenda tembo la mgema, huruka kutoka mwembe mmoja hadi paa la jirani na kulia kwa sauti ambayo wengi huidhania ya mtoto mchanga aliyetupwa. Kwetu huku, karibu na milima ya Usambara, yuko pia pelele, mnyama mdogo wa mitini, ambaye kilio chake huanza kwa kukwaruza na kupanda hadi mayowe, na ambaye mtu mgeni akimsikia kwa mara ya kwanza hawezi kuamini kwamba ana ukubwa wa sungura tu. Hata mchwa husikika: wakishtuliwa, askari wao hugonga vichwa kwenye njia zao, na ukitega sikio kwenye fremu ya mlango ulioliwa unaweza kusikia mlio huo mdogo wa kugonga. Gonga fremu hiyo kwa kidole. Ikiitika kwa sauti ya uwazi, shughulika na mchwa mapema.

Wasomaji wa umri wangu hawajasahau mwaka 1995, hofu ya Popobawa, zimwi lililodaiwa kuvamia watu usiku, ilipoanzia Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi, wakikesha kando ya moto, na mkwaruzo wowote juu ya paa ulihesabiwa kuwa dalili ya kuja kwake. Katika mji wa Zanzibar mtu mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye Popobawa mwenyewe. Naikumbusha habari hiyo kwa uzito wake wote.

Usiku wenyewe pia hubadilisha namna tunavyosikia. Ardhi inapopoa, hewa iliyo karibu nayo hupoa kuliko iliyo juu, na hali hiyo huipinda sauti irudi chini badala ya kupotelea angani, ndiyo maana ngoma ya kigodoro cha mtaa wa mbali au honi ya lori barabara kuu husikika usiku wa manane karibu na dirisha lako, na mchana husikii chochote.

Sisemi kwamba kila mlio upuuzwe. Mlio wa cheche kwenye soketi au ndani ya dari, hasa ukifuatana na harufu ya plastiki inayoungua, unakutaka uzime swichi kuu mara moja na kumuita fundi umeme mwenye leseni. Mtungi wa gesi ukisikika unapumua, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, fungua milango na madirisha na utoe watu nje, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini sakafuni. Na kitasa kikichezewa saa nane za usiku, piga kelele uwaamshe majirani, hao hao ambao wengine wetu tumekwisha kugombana nao kwa tuhuma za uchawi.

Ninachopendekeza ni utaratibu mdogo. Familia inayosumbuliwa iandike kwa wiki moja, kila usiku, saa ya mlio, chumba ulikosikika, kama mchana ulikuwa wa jua kali au wa mvua, na kama maji yalitoka. Mlio unaokuja mapema usiku baada ya siku ya jua na kukosekana siku ya mawingu ni wa paa; unaofuata mgao ni wa bomba; unaoanza taa zikizimwa tu ni wa panya. Magazeti yetu, na hili lako likiwamo, yanapoletewa habari ya nyumba ya mauzauza, yamtume mwandishi pamoja na fundi, na yachapishe kilichoonekana darini kwa herufi kubwa zile zile zilizotumika kwa kilichosimuliwa. Wenye nyumba wabadilishe misumari iliyolegea na kuziba matundu ya kofia za paa jioni, baada ya popo kutoka, na si katika msimu ambao wana watoto wasioweza kuruka.

Wenyeviti wa vitongoji nawaomba jambo moja: wasikubali kumuita mtu yeyote kikaoni kwa sababu ya mlio wa nyumba ya mwenzake kabla fundi hajapanda darini mchana, akiwa na tochi, na mwenye nyumba akiwa ameshika ngazi. Kwa hapa Muheza, niko tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo.

Fundi wa mapaa,
Muheza, Tanga