Shofere ametoroka, lakini lori bado liko pale

Bwana Mhariri,

Kila lori linapoua watu kwenye barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, habari zenu huishia palepale: mwendo wa kasi, shofere ametoroka, polisi wanamtafuta. Mimi ni fundi wa breki hapa Ruashi, Lubumbashi, tangu nilipoacha usukani, na nikisoma habari hizo huwa nabaki na swali moja. Ni nani aliyelala chini ya lile lori akaangalia?

Sisemi shofere hana kosa. Nimeendesha semi-remorki, lori la kuvuta trela, miaka kumi na mmoja na wenzangu nawajua. Yuko anayeteremka mlima kwa gia huru ili mazuti, yaani dizeli, ibaki, auze vidumu viwili njiani. Injini haishiki tena, tani thelathini zote zinaning'inia kwenye breki, na akifika bondeni ngoma za magurudumu zinatoa moshi na anakanyaga pedali hadi mwisho lakini lori halishiki. Yuko anayekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, ili asilale. Yuko anayepandisha abiria juu ya mzigo kwa faranga chache, kisha lori likipinduka wao ndio wa kwanza kufa. Na kuna jambo moja dogo linaloniudhi kuliko lutuku: mawe. Lori likiharibika usiku, shofere hana pembetatu ya tahadhari, anakata matawi anayatandaza barabarani, anaweka mawe nyuma ya magurudumu. Asubuhi anatengeneza, anaondoka, mawe anayaacha. Jioni mtu wa pikipiki anayakuta gizani. Kifo kile hakuna anayekihesabu kuwa ni cha lori.

Hayo ni ya shofere, na ayajibu. Sasa niseme ya kwangu.

Ijumaa moja jioni aliingia kijana na semi-remorki ya chokaa, anakwenda Kolwezi. Kabla hajazima injini nilisikia hewa ikivuja chini ya ekseli ya nyuma. Nikaingia na tochi: kiwambo cha mpira cha breki ya kushoto kimepasuka. Kitu hicho bei yake haifiki ya mfuko mmoja wa unga wa bukari. Kijana akampigia patroni, mwenye lori, akaweka simu kwa sauti ili nami nisikie. Patroni akasema, "Fundi, bana hiyo paipu aende. Akirudi nitanunua. Mgodi unangoja."

Kwa asiyejua: paipu ya hewa ikibanwa, hewa haivuji tena, saa ya presha kwenye dashibodi inapanda vizuri, na lori linaonekana zima. Ila lile gurudumu halina breki. Magurudumu mengine yanabeba kazi yake, yanapata moto mapema zaidi, na mlimani ndiko utakakolipa deni.

Nilibana, Bwana Mhariri. Nilitia koleo dogo, nikalikaza, nikalipwa. Kijana akaniuliza, "Baba, nikikanyaga ghafla, itanivuta wapi?" Nikamwambia kulia, kwenye mtaro. Akacheka kidogo. "Afadhali mtaro kuliko basi."

Baada ya wiki tatu lori lilirudi na shofere mwingine. Koleo langu lilikuwa bado chini kule, limeshika kutu. Nilipomuulizia yule kijana nikaambiwa amefukuzwa kwa sababu alikuwa anachelewa kufika.

Lile lori halikuua mtu, kwa kadiri nilivyosikia. Lakini lingeua, mngeandika nini? Mwendo wa kasi, shofere ametoroka. Wala msingekuwa mmedanganya. Angetoroka kweli, maana sote tunajua watu wenye hasira humfanya nini shofere aliyeua, na kituo cha polisi kiko mbali kuliko mawe ya wanakijiji. Kisha lori lingevutwa usiku huohuo, lingeingizwa kwenye uwanja wa mwenyewe, na koleo langu lingetolewa kabla hakimu hajasikia habari zake.

Mnakumbuka kijiji cha Kabwe, tarehe 20 Februari 2019, kwenye njia ya Kolwezi. Lori la tangi lililobeba asidi ya salfa, mali ya kupelekwa mgodini, liligongana na basi, asidi ikamwagika juu ya watu. Waliokufa hawakupungua 18. Nimewahi kuvuta tangi. Asidi ile ni nzito, lita moja inakaribia kilo 1.8, kwa hiyo tangi linaweza kufikia uzito wake wote huku sehemu ya juu ikiwa tupu, na nafasi hiyo tupu inaruhusu mzigo kutembea. Unakata kona, wewe umemaliza, mzigo bado haujamaliza. Mtu anayepewa kazi hiyo anapaswa kuwa amefundishwa, amelala, na lori lake limekaguliwa, na mambo hayo matatu hayapangwi na shofere. Tangi likifika salama, sifa ni ya mgodi na ya msafirishaji; likianguka, linakuwa la shofere peke yake.

Usingizi nao una mwenyewe. Huku kwetu shofere wengi hulipwa kwa safari. Ukikaa siku nne kwenye foleni ya Kasumbalesa, unalala kwenye kabini, unakula mkate na soda, na siku hizo hakuna anayezilipa. Mpaka wa nchi ukifunguliwa unataka kuzikomboa usiku mmoja. Ulaya sheria inamlazimisha dereva wa lori kupumzika dakika 45 baada ya saa nne na nusu za usukani, chombo kinaandika kila kitu, na mwajiri anakatazwa kumlipa kwa kilomita au kwa uzito wa mzigo kwa namna inayohatarisha usalama. Nchini Australia, nchi ya migodi kama sisi, sheria inamfuata hata aliyepakia na aliyepanga saa ya kuondoka.

Msiniambie hapa hatuna sheria. Kifungu cha 52 cha sheria yetu ya adhabu, kinachohusu kuua bila kukusudia, hakitaji dereva. Kinamtaja aliyesababisha madhara kwa kukosa kuona mbele au kukosa kujihadhari. Patroni wa ile simu alikosa kipi kati ya hivyo viwili? Vyote. Na mimi pia. Kisha kuna kifungu cha 260 cha sheria ya kiraia, cha mwaka 1888, kikubwa kwa umri kuliko mji wenyewe wa Lubumbashi. Kinasema bwana anawajibika kwa hasara iliyoletwa na mtumishi wake akiwa kazini. Miaka zaidi ya mia moja na thelathini kipo kitabuni, lakini matangani ninachokiona ni kingine: mtu wa kampuni anafika na jeneza, mifuko ya unga, bahasha, na karatasi ya kutia sahihi. Mjane anatia sahihi katikati ya kilio, shemeji anahesabu bahasha, na mambo yamekwisha.

Ninaloomba kwenu si kubwa. Ajali ikitokea, mwandishi wenu aulize lori liliondoka wapi na saa ngapi, ni la nani, mzigo ni wa nani, shofere analipwa kwa mwezi au kwa safari. Na polisi wa barabarani, hao ndugu zetu wa rulaji wanaotusimamisha mara tano kabla ya Likasi kuangalia karatasi, wasiruhusu lori lililoua livutwe kabla fundi asiye wa mwenye lori hajaingia chini yake. Dakika ishirini zinatosha. Tochi moja, mtu mmoja wa kukanyaga pedali, mwingine wa kutazama ni mikono ipi ya breki inayosogea na ipi imekaa kimya. Mkono usiposogea, fuata paipu yake kwa kidole mpaka uone kwa nini.

Lile koleo ninalo hadi leo, kwenye kopo la nati karibu na mlango. Mwandishi wenu akitaka kuliona na kulipiga picha, aje kabla ya saa mbili asubuhi. Baada ya hapo malori yanakuwa yamejaa uwanjani, na mapatroni wako kwenye simu.

Fundi wa breki,
Ruashi, Lubumbashi