Injini ya mtumba haitibu ugonjwa ulioua ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wenye Toyota Prado na Hilux Surf za dizeli, pamoja na wanaowauzia injini za mtumba Kariakoo na kwingineko. Gari likinoki (injini ikifa), swali la kwanza la mwenye gari ni "injini bei gani?" Ni wachache wanaouliza ile ya zamani imekufa kwa nini. Matokeo yake, injini iliyotoka Japani au Dubai inafungwa kwenye gari lenye ugonjwa uleule, na ikifa tena lawama zote anabeba muuzaji, hata pale ambapo hana kosa.

Chukua injini ya 1KD, ile D-4D ya lita 3 iliyo kwenye Prado 120, Prado 150 za mwanzo na Hilux Vigo. Nozeli zake (zinazonyunyiza dizeli) hukaa juu ya washa, yaani ringi bapa, za shaba ndani ya silinda hedi, kipande cha juu cha injini. Washa ikichoka, moto wa silinda hupenya kandokando ya nozeli, ukapanda hadi chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) na kukutana na oili. Oili inaungua na kuwa masizi mazito ambayo hushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la mdomo wa pampu ya oili. Pampu inavuta, lakini kinachopita ni kidogo. Beringi za konrodi (fimbo zinazounga pistoni na krenki) na turbo ndizo hukaukiwa kwanza. Taa ya oili ikiwaka kwenye dashibodi, mara nyingi beringi zimeshaharibika.

Sasa fikiria: injini ya mtumba unayonunua nayo ni 1KD, na umri wake unaweza kuwa sawa na ya kwako. Kilomita zake zilibaki kwenye dashibodi ya gari lililokatwa huko ng'ambo, kwa hiyo anayekuambia "imetembea kidogo" hana pa kuonyesha. Unachoweza kukiona kwa macho ni sampu. Ifunguliwe injini ikiwa bado chini. Chujio likiwa na masizi, injini hiyo ilishaanza safari ya ile ya kwanza. Fungua pia kifuniko cha konrodi moja uone sura ya beringi: inatakiwa iwe na rangi ya kijivu iliyotulia, bila mikwaruzo wala madoa ya shaba. Sampu ikirudishwa, ifungwe kwa silikoni mpya iliyopakwa uzi mwembamba, kwani ikijazwa sana inamegekea ndani na kwenda kuziba chujio hilohilo.

Kupima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, kuna mtego wake. Stata kwa kawaida hushikwa na kengele ya giaboksi (ganda lake la mbele linalofungwa kwenye injini), kwa hiyo injini iliyokwisha kutenganishwa na giaboksi haizungushiki kirahisi pale dukani. Mnunuzi aombe ipimwe kabla haijatenganishwa, kwa geji ya dizeli, kwa sababu ile ya petroli haifiki presha hizo. Plagi za kupashia joto zitolewe zote, na kila silinda iandikwe namba yake. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda moja na nyingine: ikizidi bar 5, iacheni hapo.

Ikipita vipimo, bado kuna vitu vya kubadili kabla haijaingia kwenye gari: washa za nozeli zote 4 na zile za paipu ya marejeo, mkanda wa taimingi pamoja na tenshena, pampu ya maji, thermostati na oili sili ya nyuma ya krenki. Oili sili hiyo ni ya bei ndogo, lakini ikianza kuvuja baadaye ni lazima giaboksi ishushwe. Mkanda wa taimingi nao usiachwe eti unaonekana mzima, maana ukikatika valvu zinagonga pistoni. Nozeli zikibadilishwa, misimbo iliyochapwa juu yake iingizwe kwenye kompyuta ya gari. Bila hivyo injini hugonga na kutoa moshi, na fundi anahangaika na pampu ya dizeli isiyo na kosa.

Wanaochagua ovahoo (kuifungua na kuikarabati injini ya zamani) badala ya mtumba hawajakosea, mradi bloku na krenki vipimwe kwa maikromita kwanza. Kosa ninaloliona likirudiwa ni hedi gasketi, ile inayokaa kati ya hedi na bloku. Kwenye dizeli hizi gasketi zina unene tofauti, zenye alama za mikato pembeni, na unene huchaguliwa kwa kupima pistoni imechomoza kiasi gani juu ya bloku. Kununua "gasketi ya 1KD" kwa jina tu ni kubahatisha. Nyembamba kupita kiasi, pistoni inakaribia hedi mno. Ikiwa nene, kompresheni inashuka na asubuhi gari linawaka kwa shida.

Kwa 1KZ, ile ya Prado za zamani na Surf, mgonjwa ni silinda hedi yenyewe. Ni ya aluminiamu na hupasuka kati ya valvu gari likichemka. Kubadili hedi huku rejeta imejaa matope na fani ya viskasi (feni ya kupoza injini) imeishiwa nguvu ni kupoteza fedha.

Injini ikiwa imekufa kwa beringi, vumbi la chuma limesambaa. Linabaki kwenye kula (kipozeo) ya oili na paipu za turbo. Vitu hivyo visihamishiwe kwenye injini mpya. Paipu zioshwe, na kula ibadilishwe, maana vijia vyake vyembamba havisafishiki vikaisha. Siku ya kuwasha, chomoa soketi za nozeli, piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe soketi na kuwasha. 1KD hunywa takriban lita 7 za oili pamoja na filta.

Giaboksi za otomatiki zinauawa zaidi na ufungaji. Toki konvata, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, lazima iingie mpaka mwisho kabla giaboksi haijakutana na injini: unaisukuma huku ukiizungusha taratibu, nayo hutumbukia kwa hatua, moja baada ya nyingine. Ikiwa imebaki hatua moja na fundi akavuta giaboksi kwa bolti, pampu ya mbele inavunjika hapohapo. Dalili ni kwamba kengele haikutani na bloku kwa mkono. Hapo usiguse spana, toa giaboksi uanze upya. Prado nyingi zenye giaboksi ya otomatiki ya A750F hazina kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yake ni ATF WS, na kiwango hukaguliwa kwa plagi ya kufurikia iliyo chini ya sampu ya giaboksi, injini ikiwa inaunguruma na mafuta yakiwa kwenye nyuzi joto 46 hadi 56. Kula yake iko ndani ya rejeta: ikitoboka, maji huingia kwenye giaboksi na mafuta hugeuka ya waridi yenye povu. Kufunga giaboksi nyingine kwenye rejeta hiyohiyo ni kuiua pia.

Kwa wauzaji nina ombi moja: risiti iandikwe namba ya injini na kompresheni ya kila silinda, siyo "injini 1KD, moja". Namba hiyo mwenye gari ataihitaji TRA, kwa kuwa kadi ya gari bado inataja injini ya zamani, na trafiki akikagua akakuta mbili hazilingani, mwenye gari ndiye atakayetakiwa kueleza.

Fundi wa magari ya dizeli,
Gerezani, Dar es Salaam