Vyuma vya jahazi dogo: barua kwa Baba Asha

Mwembetanga, Unguja

Sahibu yangu Baba Asha,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata kwa yule kijana aliyeshuka na boti, na halua pia imefika. Watoto wanakushukuru. Mimi nimeliona sinia tu.

Sasa tuingie kwenye lako. Unasema jahazi lako la mfano umeshalimaliza kuchonga, mlingoti umesimama na foromali, ule mti wa kufungia tanga, ipo tayari, na unataka nikuagizie vile vipande vya shaba, nanga na pete na vinginevyo, vinavyouzwa tayari Uingereza. Sikuagizii, na nisikilize kwa nini.

Vipande vile ni vizuri, sikatai. Lakini vimekusudiwa meli za Kizungu. Ukitaka kujenga Glasgow ya Sayyid Barghash, ile iliyoundwa Scotland mwaka 1878 na Waingereza wakaizamisha hapa bandarini tarehe 27 Agosti 1896, nunua bila ya wasiwasi. Ile ilikuwa meli ya kwao, na mizinga yake ya kwao. Jahazi lako ukilitia baura, nanga ya Kizungu ya mikono miwili, nahodha yeyote atakayelitazama atajua limeundwa na mtu aliyeangalia picha za vitabu. Chombo chetu kinatia nanga ya makucha manne. Hiyo huipati dukani, na ukiipata itakuwa nene kama ya mashua ya kuvulia.

Unene ndio unaoharibu kazi za watu wengi. Wewe umechagua kipimo cha moja kwa thalathini na mbili, kwa hiyo jahazi la mita 16 limekuwa la sentimita 50. Vizuri. Sasa na chuma nacho kifuate hesabu hiyo hiyo. Nanga yenye mti wa mita moja na robo inatoka kama sentimita 4, na mti wake ukiwa na unene wa sentimita 5, kwako ni milimita moja na nusu tu. Kichwa cha msumari cha sentimita 2 ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Urefu watu wanaukumbuka, unene wanausahau, halafu wanashangaa kwa nini chombo kinaonekana kitu cha kuchezea watoto.

Kwa hiyo nanga nitakutengenezea mimi, na nakueleza ninavyofanya ili nyengine ufanye mwenyewe. Nachukua waya wa shaba ya manjano wa milimita moja na nusu. Ukitoka dukani ni mgumu, unakunja mara mbili tatu unakatika. Naupasha moto pahala penye kivuli, maana juani huoni rangi, mpaka uwe mwekundu wa kufifia, kisha nautosa majini. Usiogope maji: chuma cha pua ndicho kinachokuwa kigumu kikitoswa, shaba hailainiki wala haiwi ngumu kwa maji, kinachoilainisha ni ule moto. Ikisha napinda vipande viwili kama herufi U, navipitanisha chini kwenye mti wa nanga, nakaza kwa waya mwembamba wa chuma, natia boraksi, ule unga wa kusaidia lehemu ikimbie, na kijipande cha lehemu ya fedha kidogo kuliko punje ya mchele. Moto napeleka kwenye shaba, si kwenye lehemu. Lehemu ikiyeyuka utaiona inakimbia yenyewe ndani ya kiungo, inang'aa mara moja, na hapo hapo uondoe moto. Ukizidisha, zinki iliyomo inaanza kutoka moshi, na moshi ule usiuvute.

Kukata pete ni rahisi. Zungushia waya kwenye msumari wa milimita 2, pitisha msumeno wa sonara kwa urefu, pete zinadondoka zenyewe. Mnyororo nao ni pete hizo hizo, ila uzibane kidogo ziwe za mviringo mrefu kabla ya kuzipitanisha.

Jambo moja la mpango: viungo vya lehemu ya fedha, ambayo inataka moto wa zaidi ya nyuzi 600, vitangulie vyote. Vile vya lehemu laini ya bati na risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183 na kidogo juu yake, viwe vya mwisho. Ukigeuza, kazi ya asubuhi inafunguka jioni.

Umeniuliza pia kuhusu risasi za kuvulia, kama unaweza kuziyeyusha umimine mapambo. Hapana, Baba Asha. Mbali na sumu yake, jahazi lako litawekwa ndani ya kabati la kioo, na hewa inayotoka kwenye mbao, khasa mbao za kubandika, huila risasi pole pole ikawa unga mweupe. Wenye majumba ya makumbusho huko Ulaya wanalijua vizuri balaa hilo.

Kwenye misumari usihangaike na moto. Vua gamba waya wa umeme, mna nyuzi nyembamba za shaba nyekundu. Toboa kwa sindano iliyonolewa, chomeka uzi pamoja na gundi, kata, sawazisha kwa tupa. Jahazi la kweli msumari huzongwa pamba iliyochovywa mafuta, lakini kwa kipimo chako hilo halionekani, liache.

Sasa rangi. Vyuma vya jahazi ni vyeusi, si vya dhahabu. Shaba inayong'aa iache kwenye milango ya Mji Mkongwe na kwenye masanduku, huko ndiko mahala pake. Wengine wanapaka rangi, na rangi inajaza pembe zote ulizozikesha kuzichonga. Mimi namaliza kwa yai. Kwanza nachemsha kipande ndani ya maji ya ndimu kitakate, na humo humo natia msumari wa chuma: shaba iliyokwisha kuyeyuka kwenye maji inahamia juu ya ile ya manjano, ikawa nyekundu. Maji mapya hayafanyi kitu, yawe yameshasafishia shaba nyingi. Halafu napondaponda yai la kuchemsha likiwa la moto, nalitia katika mkebe pamoja na kipande, visigusane, nafunika. Baada ya muda kinatoka hudhurungi, kesho yake kimekoza zaidi. Kipanguse kwa nta. Harufu yake, Bwana wee! Mwenyewe nyumbani kesha nihamishia kazi hiyo uani.

Na yule mteja wako anayetaka mtepe, kile chombo chetu cha zamani, wenye misumari ya shaba, mrudishie pesa zake. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi na kupigwa vigingi vya mti, chuma hamna. Akitaka kung'ara mwuzie sanduku.

Kapi usinitegemee, zichonge wewe kwa mti, na abedari, lile kapi kubwa, vile vile, maana ya kweli ni ya mti. Mimi naleta nanga, mnyororo, pete na bawaba za usukani. Za usukani ndizo zinazonikwaza, kwa sababu kila fundi ana zake. Shuka pwani huko kwenu, tafuta jahazi lililopandishwa, upime upana na unene wa bawaba ya chini na ya juu, na nafasi baina yao, uandike kwa sentimita. Piga na picha kwa upande, si kwa mbele. Nanga nayo ipime mti, kucha na pete.

Nikipata vipimo naanza. Pesa usitume sasa, waya ninao. Boti ya Ijumaa ikija bila ya karatasi ya vipimo, bawaba zitangoja mpaka baada ya Idi, kwani nna kazi ya sonara mwenzangu mkononi.

Wasalimie nyumbani, na mzee mpe mkono wangu.

Wassalaam,
Nduguyo, Baba Rukia