Jina langu lilikatwa mstari mwezi wa tatu 1979, naomba lirekebishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba usiikate sana maana hili jambo nimekaa nalo miaka zaidi ya 45 na sasa naona nikizidi kuchelewa ntaondoka nalo. Mi ni mzee wa hapa Moshi, naishi Pasua. Nilikuwa mgambo kwenye Vita vya Kagera. Medali ya Kagera sijapewa mpaka leo, wenzangu niliopanda nao lori moja walipewa, na sababu ya mimi kukosa nimekuja kuijua mwaka juzi tu.

Mwaka 1978 nilikuwa kijana wa miaka 21, kibarua wa kupakia magunia ya kahawa hapa mjini, mafunzo ya mgambo nilishapitia kule kwetu Uru. Mwisho wa mwezi wa 10 majeshi ya Nduli Amin yakaingia Kagera, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akaongea redioni, ile hotuba ya sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, sisi tulikuwa tumejazana nje ya duka moja pale Mbuyuni lililokuwa na redio kubwa na hakuna aliyepumua mpaka alipomaliza. Siku chache baadae balozi wa nyumba kumi akapita na daftari. Mama yangu alilia, baba akanipa koti lake. Tukapanda malori ya raia mpaka Mwanza, tukavuka ziwa kwa meli mpaka Bukoba, huko tukafundishwa tena kwa haraka haraka alafu tukaingizwa kwenye Brigedi ya 201, ambayo wengi wetu humo tulikuwa mgambo.

Sitaeleza vita nzima, wapo walioijua kuliko mimi. Mutukula, pale mpakani na Uganda, ilichukuliwa mwezi wa kwanza 1979, Masaka ikafuata mwishoni mwa Februari, alafu brigedi yetu ikasogezwa mbele kwenye barabara ya Kampala mpaka Lukaya. Hapo ndio pana habari yangu yote.

Lukaya ni mji mdogo, na mbele yake kuna bwawa kubwa la mafunjo, barabara imepita kwenye tuta katikati ya maji na pembeni hakuna pa kukanyaga, ukitoka nje ya barabara unazama kwenye tope. Jioni ya tarehe 10 Machi wale wa Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia wakaanza kutupiga kwa maroketi. Sisi wengi wetu hatukuwa tumewahi kupigwa namna hiyo, tulizoea kusikia mizinga ya upande wetu ikienda kwao, sasa ikawa inakuja kwetu, na giza linaingia, na vifaru vyao vinasikika. Nasema ukweli mbele ya Mungu, brigedi yetu ilivunjika usiku ule, watu walirudi nyuma bila amri, wengine waliacha mpaka viatu. Sioni haya kulisema kwa sababu asubuhi yake watu walewale walikusanywa wakapangwa upya wakarudi kupigana, na Brigedi ya 208 ikaja ikawapiga adui kutokea kaskazini magharibi, na tarehe 11 ile ndio Walibya walikoma. Wanaosema mgambo walikuwa waoga wasimulie na siku ya pili.

Mi hiyo siku ya pili sikuiona. Kipande cha bomu kiliniingia paja la kushoto usiku wa tarehe 10, nikaanguka mtaroni, nikajifunga na mkanda wa bunduki. Walionibeba ni wawili. Mmoja alikuwa Mpare wa Same, mwalimu wa shule ya msingi, mwingine alikuwa taniboi wa lori kutoka Kiboriloni hapa hapa Moshi, mfupi, anaongea sana. Walinibeba zamu zamu kwenye giza mpaka yalipokuwa magari, wakanipandisha kwenye lori la majeruhi wakarudi walikotoka. Wakarudi, mhariri. Walikuwa na sababu nzuri kabisa ya kupanda na mimi lile lori ila hawakupanda.

Nikapelekwa nyuma, nikapasuliwa, nikalazwa wodini miezi. Kampala ilipochukuliwa tarehe 11 Aprili tulisikia kwenye redio ya nesi, wodi nzima ikapiga kelele, wenye mkono mmoja wakapiga ngoma kwa vijiko kwenye miguu ya vitanda, nami nililia kwa kukosa kuwepo. Vita inaisha mwezi wa 6 mimi ndio natembea kwa fimbo. Nikapewa nauli nikarudi nyumbani.

Baadae wenzangu waliporudi tukaitwa kwenye gwaride, majina yakasomwa, mtu anaitwa anatoka mbele anavishwa. Nilisimama kwenye mstari mpaka afande akafunga daftari. Nikajua ni makosa ya siku moja yatarekebishwa. Nikauliza nikaambiwa nisubiri, nikauliza tena nikaambiwa nisubiri, alafu maisha yakaanza, mke, watoto, ada, mguu wenyewe ukibadilika baridi unauma, miaka ikapita. Kuna mtu aliwahi kunitamkia kwenye kilabu cha mbege kwamba waliokosa medali ni watoro. Niliweka kata chini nikatoka, na kwenye kile kilabu sijarudi tena.

Sasa mwaka juzi tulimzika mwenzetu mmoja Kibosho. Medali zake ziliwekwa kwenye mto juu ya jeneza, na kwenye wasifu wa marehemu ikasomwa alipigana Vita vya Kagera akatunukiwa medali. Kijana wangu wa kwanza alikuwa amekaa pembeni yangu. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, baba, wa kwako tutausomaje? Ndio akanishika mkono tukaanza kufuatilia, ofisi hii mpaka ile, mpaka tukasafiri kwa basi usiku kucha. Kwenye ofisi moja tulimkuta kijana mstaarabu sana, sina neno baya juu yake, alinipa kiti na maji ya kunywa, akatafuta siku mbili, akaja na fotokopi ya orodha ya kombania yetu. Jina langu lipo. Limekatwa mstari mwezi wa tatu.

Waliokufa pembeni wameandikiwa amefariki. Waliohamishwa wameandikiwa wamehamishiwa wapi. Mimi pembeni hakuna kitu, mstari tu. Yule kijana akasema kwa sauti ya chini, mzee, mstari usio na maelezo anayeusoma leo anaweza kusema ulihamishwa, na anaweza kusema ulitoroka, na kwa ile tarehe, na ile brigedi, unajua watu watachagua lipi. Mhariri, kile kipande cha bomu hakikuniuma kama yale maneno.

Nimelifikiria sana na sina wa kumlaumu. Najua ilivyokuwa. Asubuhi ya tarehe 11 watu wametawanyika, sajini anatakiwa aseme ana watu wangapi wa kupigana na wangapi wa kula, anaita majina, asiyeitika anakata, hana muda wa kuandika huyu yuko kwenye lori la majeruhi, pengine hata hakuambiwa. Pengine na yeye alikufa siku hiyo hiyo. Alafu vita imeisha orodha ya medali ikatengenezwa kutoka kwenye orodha ya waliobaki, na aliyenakili alinakili alichokiona. Ila ona ilivyoishia, aliyetoka salama ana medali na aliyemwaga damu ana mstari. Na siamini kama niko peke yangu, maana lile lori la majeruhi lilikuwa limejaa.

Ushahidi ninao. Kadi ya hospitali nimeitunza kwenye kopo la Blue Band miaka yote hii, imeandikwa tarehe 12 Machi 1979, jeraha la kipande cha bomu, paja la kushoto, na eksirei niliyopiga mwaka jana inaonyesha vipande viwili vidogo bado vimo ndani. Lakini kadi imeandikwa jina langu la ubatizo na jina la baba, na nesi aliliandika alivyolisikia, herufi mbili zimekosewa, kwenye orodha ya kombania jina la baba limetangulia, na kitambulisho cha NIDA kina majina matatu na la mwisho ni la ukoo. Nikaambiwa hawa ni watu watatu tofauti. Nikala kiapo kwa wakili kwamba ni mtu mmoja, nikalipia, nikapeleka. Jibu likaja kwamba kiapo kinathibitisha majina, hakithibitishi kwamba nilikuwa Lukaya. Na wako sahihi kwa hilo, kiapo changu mwenyewe kitathibitishaje.

Ndio maana naandika. Ombi langu kwa wahusika sio hela, narudia tena sio hela, na wala sijaja kudai mafao ya mtu. Naomba lile daftari la wodi za wakati wa vita lifunguliwe lilinganishwe na zile orodha zilizokatwa mistari mwezi wa tatu. Majeruhi walipokelewa, waliandikwa, walipewa dawa na chakula cha serikali, haiwezekani hakuna karatasi. Ambaye jina lake limekatwa kwenye kombania tarehe 11 na limeandikwa wodini tarehe 12, huyo sio mtoro, mtu yeyote mwenye akili ataliona hilo, na pembeni ya ule mstari paandikwe neno moja, majeruhi. Mi hata medali ikichelewa hilo neno likiandikwa nitalala.

Na pale ambapo karatasi zimeliwa na mchwa naomba ushahidi wa wenzetu upokelewe. Kila wilaya ina mshauri wa mgambo, ni mwanajeshi, anaweza kuita wazee wawili watatu akawasikiliza kila mmoja peke yake, akauliza ulikuwa wapi, nani alikuwa kamanda wako, bwawa lilikuwa upande gani wa barabara, mwongo atajulikana ndani ya dakika tano maana aliyekuwa Lukaya haisahau ile barabara. Ila ifanyike mapema. Jenerali Musuguri aliyetuongoza Divisheni ya 20 Mungu alimpa umri mrefu, alitutoka 2024 akiwa na miaka 104, lakini sisi wa chini hatutafika huko, kila mwezi nasikia msiba. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule ndio huyu anaelekea 70, na hao ndio walikuwa wadogo kuliko wote.

Tarehe 25 Julai kila mwaka, Siku ya Mashujaa, nakaa nyumbani naangalia kwenye tivii. Naangalia wazee wenzangu wamevaa wamependeza, naangalia mashada na ile mikuki na ngao vikiwekwa, na ninawaombea wale waliolala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, kule Kagera, ambao majina yao yameandikwa pale kaburini kwao. Mke wangu huwa ananiambia nenda na wewe kakae na wenzako, nani atakufukuza. Hakuna atakayenifukuza, najua. Ila nikienda mtu akaniuliza ya kwako iko wapi nimjibu nini, nitoe kopo?

La mwisho ni kwa wale wawili. Mwalimu wa Same, na wewe taniboi wa Kiboriloni, kama mko hai na mkaisoma hii, au watoto wenu wakaisoma na wanakumbuka baba yao aliwahi kusimulia kijana wa Uru aliyembeba Lukaya usiku akiwa na koti la kahawia la baba yake ndani ya kombati, ndio mimi, nilipona. Kiboriloni nimeuliza sana, nimeenda mpaka stendi kuuliza wazee wa malori, nikaambiwa kuna mmoja kama huyo alihamia Arusha, Ngarenaro, miaka ya 80, nimeenda Ngarenaro mara mbili sijampata. Hata kama hamtaki mambo ya ushahidi naomba tu tuonane. Sikuwahi kuwaambia asante, nilikuwa nimezimia.

Jina langu kamili, namba ya simu na nakala ya ile kadi nimeviacha kwako mhariri, anayetaka kuthibitisha aje avione. Kadi yenyewe halisi sitaiacha popote, ila nikiitwa hata kesho asubuhi nakuja nayo.

Mgambo wa zamani, Brigedi ya 201
Pasua, Moshi